Sadaka za Mungu wa Mwendo

Pistoni ikifa Nairobi, mara nyingi hufufuka ikiwa sufuria. Ukipita Gikomba utawakuta mafundi wamechutama juu ya mchanga uliokolea masizi, wanashindilia kalibu. Pembeni kuna lundo la mabloku ya injini, vifuniko vya giaboksi na pistoni zilizomaliza umri wao, zote zikisubiri tanuri. Alumini iliyokuwa ikipanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika ndani ya matatu, wiki ijayo inachemshiwa maharage. Sina neno na safari hiyo. Sufuria hizo ndizo zilizonikuza. Ila kulikuwa na mtu mmoja wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, ambaye alichukua pistoni zilizokufa, akaziyeyusha, akazimimina kwenye makopo matupu, zikatoka pistoni tena. Alifanya hivyo usiku baada ya usiku, na sehemu kubwa ya usiku huo aliitumia kwa pikipiki moja.

Jina lake kamili ni Herbert James Munro, lakini wapenda pikipiki wanamjua kama Burt. Alizaliwa mwaka 1899, akafariki Januari 1978. Mwaka 1920, kijana wa miaka ishirini na moja, alinunua Indian Scout mpya. Jina lisikupoteze: Indian ilikuwa kampuni ya Marekani, ya mji wa Springfield, Massachusetts, na Scout yake ilikuwa ya 627 kutoka kiwandani. Injini ya sentimita za ujazo 600, silinda mbili zilizokaa umbo la V, gia tatu za kubadilisha kwa mkono, klachi ya kukanyaga kwa mguu. Ikibanwa mpaka mwisho ilikwenda kilomita kama 89 kwa saa. Leo kijana wa bodaboda mwenye 150 yake ya mkopo, akiinamia tangi kidogo tu, anaiacha.

Mwaka 1967, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah, Munro mwenye miaka 68 aliipeleka Scout hiyo, au tuseme kile kilichosalia cha Scout hiyo, kwa wastani wa kilomita 296 kwa saa.

Watu wakisimulia habari hii hukimbilia namba hiyo ya mwisho. Mimi kinachonikalisha chini ni miaka 47 iliyoko katikati. Pikipiki za kasi ni nyingi, na mwenye fedha anaingia dukani asubuhi akatoka na kilomita 296 zake kabla ya chakula cha mchana. Lakini kukaa na chuma kimoja toka ujana mpaka uzee, ukakibadilisha kipande kwa kipande kwa tupa, patasi na moto, ukikivunja na kukijenga upya, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ndiyo ninayotaka tuitazame, na haina njia ya mkato: lazima tufungue injini.

Scout ya 1920 ilikuwa na valvu za ubavuni. Hazikukaa juu ya pistoni kama zilivyo kwenye pikipiki uliyoegesha nje. Zilisimama kando ya silinda, vichwa vikitazama juu, kama wageni waliokosa nafasi sebuleni wakabaki barazani. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiingia unapanda, unakata kona, ndipo unaiona silinda. Moshi nao ukitoka unazunguka hivyohivyo. Kwa mwendo wa kwenda sokoni hakuna shida. Ukitaka injini izunguke kwa haraka, pumzi haiwahi. Injini ni mapafu kabla ya kuwa kitu kingine chochote: ikikosa hewa hata uinyweshe petroli ya pipa zima itakohoa tu.

Halafu kuna kamu, kile kipande chenye nundu ambacho kikizunguka kinainua valvu. Kiwanda kiliipa Scout kamu mbili kwa valvu nne, maana yake valvu mbilimbili zilikuwa zinaazimana kamu moja, kama ndugu wawili wenye kanzu moja ya Idi. Inawatosha kwa namna fulani, lakini haimkai yeyote sawasawa. Munro alitengeneza kamu nne, kila valvu na yake. Kisha akaziondoa valvu pale barazani akazipandisha juu ya pistoni, kwenye vichwa vya silinda alivyovitengeneza mwenyewe. Mtu akifika hapo hatengenezi tena injini. Anajenga nyingine ndani ya mifupa ya ile ya kwanza. Alianza kuichokonoa mwaka 1926, na sijui kama kuna siku aliyojiambia imekwisha.

Mchana alikuwa muuzaji wa pikipiki, akizungukia wateja mashambani. Usiku alirudi bandani. Alikuwa mbahili wa kupindukia, na nadhani ubahili huo ndio uliomfanya fundi, maana mwenye hela hununua spea na asiye nayo hujifunza spea imetengenezwaje. Kwenye orodha ya vifaa vyake kuna kimoja ambacho kila mtu anayeandika habari zake hukitaja, nami siwezi kukiruka: mikromita yake ilikuwa spoku kuukuu ya gurudumu. Silinda alizichonga kwenye vipande vya mabomba ya zamani ya gesi. Ukisikia hivyo unaweza kucheka, lakini fundi wa kukereza atakuambia kwamba chuma cha kusubu kikikaa miaka mingi kinatulia, mivutano iliyobaki ndani yake siku kiliposubiwa inalegea, na ukija kukikereza hakipindi baadaye. Bomba kuukuu linaweza kuwa chuma bora kuliko kipya.

Pistoni ndizo zilizomtesa. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, joto ambalo mkaa na kipulizio vinalifikia bila taabu. Kuyeyusha si kazi. Kazi ni kumimina. Kalibu ikiwa na unyevu hata kidogo, maji yanageuka mvuke papo hapo na chuma kinaruka usoni kwako. Ukimimina kwa pupa, alumini inameza hewa na pistoni inatoka na matundu ambayo hayaonekani mpaka siku itakapopasuka. Na ikipoa inasinyaa, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko kitu chenyewe, kisha ukereze hadi kipimo chako. Kipimo chenyewe kina mtego: alumini ikipata joto inatanuka zaidi ya chuma cha silinda. Ukiiacha pistoni imebana ikiwa baridi, ikichemka inakamata. Ukiilegeza mno, inagonga na moshi unapenya chini. Mpaka wa kati ya makosa hayo mawili ni mwembamba kuliko unywele, na mtu wa Invercargill aliutafuta kwa vidole vyake na spoku ya gurudumu.

Najua kidogo jinsi pistoni inavyokamata, kwa kuwa imeshanikuta. Nilikuwa natoka Segera kwenda Tanga na pikipiki niliyojidai naijua, oili sikuipima kwa wiki kadhaa, na karibu na Hale tairi la nyuma likajifunga kama limeng'atwa. Sikuanguka, kwa bahati. Pikipiki iliingia mjini juu ya Fuso la machungwa. Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee wa makamo, gereji yake ni kivuli cha mkungu na maturubai mawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekukamatia wapi?"

"Hale."

"Ulikuwa unawahi nini huko?" Hakungoja jibu. Alishusha injini, akavua silinda, akaitoa pistoni na kuifuta kwa kipande cha kanga, si kuing'arisha, kuifuta tu ili isomeke. Kisha akanipa mkononi. "Haya, niambie nini kilitokea."

Nikamwambia imekwaruzika. Akaguna. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye sketi ya pistoni, polepole, upande mmoja na kisha wa pili. Upande wa hewa inakoingia ukucha uliteleza. Upande wa moshi ulidonoa, tak, tak, tak, kama unapita kwenye meno ya kitana. "Huku ndiko kunakopata moto zaidi," akasema, "kwa hiyo huku ndiko kunakotangulia kufa." Akanionyesha chini ya ringi, palipokuwa na doa la kahawia kama chai iliyokaukia kikombeni: moshi ulikuwa ukipenya ringi siku nyingi, ukiichoma oili juu ya ukuta wa silinda. Kwa maneno mengine injini yangu haikufia Hale. Ilianza kufa miezi miwili nyuma, na ilikuwa ikiniambia kila asubuhi kwa moshi na kwa mlio, nami nikawa naongeza sauti ya redio mfukoni. Nilipotaka kuitupa ile pistoni alininyang'anya, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye wenzake.

Kopo lile lilinirudia kichwani niliposoma habari za banda la Munro. Alikuwa na rafu ya vyuma vilivyovunjika: pistoni zilizotoboka, konrodi zilizokatika, vipande vya kila namna, na juu yake ameandika kwa rangi kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Maneno hayo ndiyo aliyoyachukua mwongozaji Roger Donaldson kuwa jina la filamu fupi ya hali halisi aliyoitengeneza kumhusu mwaka 1971. Watu huyaona kama mzaha wa mzee, na mzaha umo. Lakini mtu anayetaka tu kuchekesha anatundika kipande kimoja au viwili. Mtu anayejaza rafu anaweka kumbukumbu. Kila kipande pale kinasema mahali fulani chuma kilishindwa, kwa joto, au kwa kuchoka, au kwa hesabu mbovu ya mwenye nacho, na kila kipande kilichokifuata kilichongwa na mtu aliyekwishakiona. Hata hivyo neno sadaka linanipendeza, kwa sababu sadaka hutolewa kwa hiari. Hakulalamika kwamba injini imemvunjikia. Alitoa.

Cha kutolea mfano ni konrodi. Huu ni mkono unaoishika pistoni upande mmoja na krenki upande wa pili. Pistoni inapanda, inafika juu, inasimama kwa muda usiotosha hata kuuita muda, inageuzwa na kushuka. Anayeigeuza ni huo mkono. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mkono unasukumwa na kuvutwa zaidi ya mara 80 katika sekunde moja. Chuma kikifanyiwa hivyo kinachoka, kama waya wa uzio unaoukunja huku na huku mpaka ukatike bila kutumia nguvu. Na kinapokatika ndani ya injini, kile kipande kilichobaki kwenye krenki hakisimami. Kinaendelea kuzunguka na kupasua kila kilicho mbele yake, bloku likiwemo. Kwa lugha ya gereji, injini imetoa mkono nje.

Munro alichukua ekseli kuukuu ya trekta la Caterpillar, akachonga konrodi zake humo. Tafakari kwanza kabla hatujaenda mbele. Ekseli ya trekta ni chuma kilichotengenezwa kubeba tani za mashine kwenye matope, kinakataa tupa. Ukiburuta tupa juu yake mara ya kwanza inateleza ikilia kama inakucheka. Lazima ulalie, usukume kwa bega, uinue wakati wa kurudi ili meno yasife, usukume tena. Unga wa chuma unaodondoka ni wa kuhesabu chembe. Kutoka kwenye gogo la duara mpaka mkono mwembamba wenye kiuno, matundu mawili yaliyo sambamba kabisa, uzito sawa na wa pacha wake, ni safari ya majuma na majuma. Na mwisho wake ni wa adabu zaidi kuliko mwanzo, maana ufa wa uchovu huanzia kwenye mkwaruzo. Mikwaruzo ya mwisho ya tupa na msasa lazima ifuate urefu wa mkono; mmoja tu ukikingama ni mlango ulioachwa wazi kwa mwizi.

Baada ya kuchonga kuna kutia moto. Chuma kinapashwa mpaka kiwe chekundu, kinazimwa ghafla, na hapo kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo kinapashwa tena, taratibu, na uso wake uliong'arishwa unabadilika rangi machoni pako: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, samawati. Kila rangi ni kiwango cha joto na kila kiwango ni tabia tofauti ya chuma. Fundi anachagua rangi ya kusimamia. Wahunzi wa kila nchi wanaijua lugha hii tangu zamani. Jembe la babu yako na visu vya jikoni vilipita hapohapo. Munro hakuigundua. Alichofanya ni kuiamini kiasi cha kulalia kifudifudi juu ya chuma alichokichoma mwenyewe, kikimpeleka mwendo wa ndege inayopaa.

Alijaribu kazi zake kwenye ufuko wa Oreti, nje kidogo ya mji, mchanga mrefu ulionyooka na kushindiliwa na maji. Maji yakijaa hakuna barabara, yakitoka ipo; ratiba ya majaribio inapangwa na mwezi. Rekodi yake ya kwanza ya New Zealand aliiweka mwaka 1938, na baadaye akaongeza nyingine saba. Alikuwa pia na pikipiki ya Velocette ya 1936 aliyoichokonoa kwa ukali uleule, na haki yake ingekuwa makala nyingine.

Hapa kuna hesabu ambayo watu wa mwendo wanaijua kwa uchungu. Ukizidisha mwendo mara mbili, upepo haukuzuii mara mbili, unakuzuia mara nne, na nguvu unayohitaji kuusukuma ni mara nane. Kutoka 89 mpaka 296 ni zaidi kidogo ya mara tatu, kwa hiyo kama umbo la pikipiki lingebaki vilevile, angehitaji nguvu karibu mara 37 ya ile aliyouziwa mwaka 1920. Injini ya 600, hata ukiitanua mpaka 950 kama alivyofanya hatimaye, haikupi hizo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ilihamia nje ya injini: akaivalisha pikipiki ganda jekundu lenye umbo la samaki, naye akalala ndani kifudifudi. Vijana wetu wakiremba bodaboda huongeza: taa za rangi, vioo vinne, vizuia tope vyenye maandishi, spika. Naipenda sana sanaa hiyo, barabara bila yake ingekuwa maiti. Urembo wa Munro ulikuwa wa kupunguza. Kila kilichopata upepo kilifichwa au kilikatwa.

Bonneville ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana, chumvi tupu, nyeupe mpaka macho yanauma. Mbio hupimwa kwa kwenda na kurudi, na kinachoandikwa ni wastani wa safari mbili, ili upepo wa mgongoni usimpe mtu sifa isiyo yake. Mpandaji hufuata mstari mweusi uliochorwa juu ya chumvi, kwa sababu mahali pasipo mti wala nyumba jicho halijui kunyoosha. Pikipiki ilivuka bahari kwa meli, tena na tena. Mwaka 1962, injini ikiwa 850, aliweka rekodi ya daraja lake, kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1966 alirudi na injini ya 920 katika daraja la juu zaidi akaandika 270, rekodi tena, ingawa kwa mwendo mdogo kuliko wa miaka minne kabla. Mwaka 1967 ndipo 950 ilipomfikisha 296, na katika mbio za kufuzu za upande mmoja aligusa kilomita 305 na ushei, mwendo ambao hakuna Indian nyingine iliyokuwa imepimwa rasmi ikiufikia.

Mwaka huohuo pikipiki ilianza kutikisika katikati ya mbio. Ganda la samaki ni zuri likiwa limenyooka. Likianza kuyumba upepo unalishika ubavu kama tanga. Alijiinua ili upepo wa kifuani umpunguzie mwendo. Upepo ukampokonya miwani, ukamgandamiza macho ndani ya fuvu, akawa haoni kitu. Alikuwa ametoka nje ya mstari mweusi, akapita karibu kabisa na nguzo ya chuma ya alama bila kuigonga, mwishowe akailaza pikipiki chini juu ya chumvi. Alitoka na michubuko. Mtu wa miaka 68, aliyekuwa pia na moyo unaomsumbua. Sitamwita shujaa kwa hilo. Bahati ilikuwa upande wake, na mafundi wengi hodari wamekufa kwa kukosa inchi chache kama zile.

Filamu ya mwaka 2005, ambayo Anthony Hopkins aliigiza kama Munro, imezikunja safari zote kuwa moja, na imemfanya babu mpole ambaye kila amkutaye anampenda. Nimeitazama zaidi ya mara mbili, na nitaitazama tena. Lakini inaruka gharama. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1947, ikiwa na watoto wanne. Baadaye kidogo akaacha kazi ya mshahara, akahamia bandani kabisa, akalala palipolala pikipiki. Tukisifu saa alizozitumia kwa tupa, ni haki kuuliza zilitoka kwa nani. Kule kwetu kuna wazee wa aina hiyo pia: mtengeneza majahazi, mchonga milango, mpiga zumari, kila mtu anamsifu isipokuwa nyumba yake. Sina jibu la kuwapa walioishi naye. Ninachojua ni kwamba nikitazama picha ya zile konrodi najisikia kama ninayetazama mlango wa zamani wa Lamu, sioni mbao wala chuma, naona mikono iliyokuwa haina haraka.

Pikipiki na mabaki ya kazi yake vilichukuliwa na mfanyabiashara wa mjini kwao, vikawekwa katika duka la vifaa la E Hayes, Invercargill. Ni duka la kawaida la nati, misumari na spana. Nadhani hakuna jumba la makumbusho ambalo lingemfaa zaidi: mtu anaingia kununua tupa, anageuka, na hapo ipo.

Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe John aliitazama upya rekodi ya Agosti 1967. Wakati ule iliandikwa maili 183.586 kwa saa. Alichukua namba za safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, akaona wastani haukubali. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kikakagua, kikakuta hesabu ilikosewa, kikasahihisha rekodi kuwa maili 184.087. Tofauti ni nusu maili kwa saa. Mzee angeweza kumaliza baridi nzima bandani, na kujaza nusu rafu, akiitafuta nusu maili hiyo. Mwanawe aliipata kwa kujumlisha na kugawa kwa mbili.